Mikono ya Mshonaji Ndani ya Ghala

Mlio ulianza Ijumaa mchana, pii, pii, pii, na Mwalimu akaupuuza kwa sababu alidhani unatoka kwa jirani, mtu ambaye hajawahi kumiliki kifaa kisicho na kelele. Alimaliza kuosha vyombo, akafuta mikono, akaketi apumzike kidogo. Mlio haukukoma. Alipotega sikio vizuri ndipo alipogundua kwamba unatoka kwenye chumba chake mwenyewe cha kazi, juu ya rafu, ndani ya kile kisanduku cheusi ambacho familia nzima ilikiita Ghala.

Ghala lilikuwa na ukubwa wa mkate mzima. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na kila kilichoandikwa kwenye ya kwanza kiliandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Lilikuwa limeunganishwa na mtandao wa nyumbani, kwa hiyo Mwalimu aliweza kufungua kazi zake akiwa chumba chochote. Aliyelinunua ni mumewe, na siku alipolileta alijipiga kifua kweli kweli. "Hapa umepona," alisema. "Hata diski moja ikifa, nyingine ipo. Hizo kadi za kamera zifute, hazina kazi tena." Mwalimu akazifuta. Nani asingemwamini mume anayeongea kwa sauti ile?

Sasa ijulikane kilichokuwemo. Mwalimu alifundisha watoto viziwi, na darasa lake kubwa lilisomea ushonaji. Kamusi za lugha ya ishara zina mama, baba, maji na shule, lakini ukifika kwenye pindo, kola, tundu la kifungo na mshono wa kuficha, zinakuacha njiani. Ishara hizo alikuwa nazo mwanamke mmoja, Bibi Mshonaji, kiziwi tangu utotoni, ambaye ameshona maisha yake yote na kukipa kila kitu cha cherehani jina la mikono. Alikuwa na ishara ya kitambaa kinachochuja rangi. Alikuwa na ishara ya mteja anayenenepa kati ya kupimwa na kuchukua nguo. Mwalimu alimrekodi kwa miaka, kidogo kidogo, dirishani kwake penye mwanga mzuri, na wanafunzi walijifunza ufundi wakiitazama mikono ile.

Kisha kiharusi kikaulaza mkono wa kulia wa Bibi Mshonaji. Tangu hapo Mwalimu hakuthubutu kwenda kwake na kamera. Alikuwa akienda kumjulia hali, anakaa kidogo, anaondoka na haya usoni, kama mtu aliyekwenda msibani akakuta marehemu anamtazama. Kwa hiyo kilichokuwa Ghalani ndicho kilichokuwepo duniani. Kikipotea kile, ameipoteza mikono ya Bibi, na hakuna pa kuitafuta tena.

Mwalimu alifungua kompyuta. Ghala liliandika bila salamu: "Diski ya 2 imeharibika. Badilisha mapema." Akampigia simu mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, na mjini walimwita Fundi Barafu. Alikuwa mtu mwema, ila kwake yeye kila kitu chenye waya wa umeme ni friji. Alipoliweka Ghala kwenye rafu alilielekeza uso ukutani na mgongo chumbani, kwa maelezo kwamba chombo chenye feni hupumulia mgongoni, na mgongo wa friji ukibanwa na ukuta umeliua. Hivyo taa za Ghala na vidroo vyake vya diski vilitazama ukuta, na feni ikatazama watu. Hakuna aliyembishia, maana kwenye mambo ya feni hajawahi kukosea.

"Ya pili imekufa?" alisema simuni, nyuma yake pikipiki zikipiga honi. "Basi una bahati, niko mlangoni pa duka la kompyuta. Nanunua sasa hivi, jioni kazi imekwisha."

"Unajua ya kununua?"

"Mke wangu, diski ni diski. Ni kama kompresa ya friji, ukishajua nguvu yake umemaliza." Akasikika akijibizana na mtu. "Muuzaji anauliza ukubwa. Hebu ichomoe unisomee kibandiko."

"Nichomoe ipi?"

"Ya pili. Zinahesabiwa kuanzia kushoto, kwa hiyo ya pili ni ya mkono wa kulia. Usiogope, hiyo imeshakufa. Unachomoa maiti."

Mwalimu alisimama mbele ya Ghala. Waya zilikuwa zimevutika, akaona akiligeuza atazing'oa. Basi akapitisha mkono juu yake, akauteremsha kwenye ule mwanya wa ukutani, akapapasa vidroo viwili kwa vidole, akashika kilichokuwa upande wake wa kulia, akavuta.

Mwerevu ameshaliona kosa. Ukikitazama kitu kwa mgongo, kulia kwako ni kushoto kwa anayekitazama usoni. Na Mwalimu alikuwa akilifundisha jambo hilo kila siku ya kazi, kwa sababu mtoto anayemtazama mtu akifanya ishara ana kazi ya kugeuza kulia na kushoto kichwani kabla ya kuiga. Lakini mtu huwa mwalimu akiwa darasani. Akiwa na simu begani na mlio unamtoboa masikio, huwa mtu tu.

Ghala lilitoa mlio mmoja mrefu, kisha likanyamaza. Mwalimu akabaki na diski mkononi. Ilikuwa ya moto. Alipoiinua asome kibandiko akaihisi ikimgomea kiganjani, ikitaka kugeukia upande wake yenyewe, kwa maana ndani bado ilikuwa ikizunguka.

"Haya, soma," alisema Fundi Barafu. "Mbona kimya?"

"Ni ya moto."

"Nini?"

"Diski ni ya moto, Fundi. Na inazunguka. Maiti gani huyo anayezunguka?"

Fundi Barafu alisema neno moja ambalo halitaandikwa hapa. Kisha akasema, "Soma tu kibandiko, zinafanana, nakuja." Akasomewa, akakata simu.

Mwalimu aliirudisha diski palepale ilipotoka, taratibu, kama anayemrudisha mtoto aliyelala kitandani. Kompyuta ikafikiri. Halafu yakaja maandishi mapya: "Diski mpya imetambuliwa. Je, iandaliwe kwa matumizi? Data zote zilizomo zitafutwa." Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ndiyo ilikuwa kubwa na ya buluu.

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya. Akaweka mikono yote miwili mapajani, akakaribia kuikalia, asije akajikuta ameigusa ile buluu kwa bahati mbaya. Alikuwa na hofu ya waziwazi, ya mtu anayejua hasa anachokaribia kukipoteza na kwamba mkono uliofanya hivyo ni wake.

Mumewe aliingia akihema, na mfuko wa duka kwapani. Akainamia kioo, akasoma, akafuta jasho.

"Bonyeza Ndiyo," alisema. "Mashine yenyewe inajua inachofanya."

"Inajua? Imeandika itafuta."

"Ah, hayo ni maneno ya kujikinga, kama yale ya kwenye pakiti za dawa."

"Fundi, ukigusa hicho kitufe, leo utalala ndani ya friji la mteja."

Fundi Barafu akarudi nyuma hatua. Halafu wakagombana. Wakiwa na hasira sana hawa wawili hugombana kwa ishara, kwa sababu kuta ni nyembamba na jirani ana masikio mapana. Fundi alijifunza lugha ile wakati wa uchumba, na anaitumia vizuri akiwa amekasirika kuliko akiwa ametulia. Yeye alitaka kujua nani alichomoa kitu bila kuchungulia. Mkewe alitaka kujua nani aliligeuza Ghala likatazama ukuta. Yeye akasema kulia. Mkewe akauliza kulia kwa nani. Mikono ilipiga hewa mpaka pazia likatikisika.

Kisha Fundi Barafu akaishusha mikono yake, akakaa kwenye kigoda. "Mimi ndiye niliyekwambia ufute kadi," alisema kwa mdomo, sauti imeshuka.

Mwalimu angeweza kusema ndiyo, wewe. Hakuwa na moyo huo.

Aliyebaki ni wifi yake. Dada mdogo wa Fundi Barafu alikuwa akitunza kompyuta za chuo kimoja, na siku Ghala linanunuliwa alimwambia kaka yake amuulize kwanza kabla ya kuchagua diski. Fundi alimjibu kwamba alianza kutengeneza mashine dada huyo akiwa bado ananyonya kidole. Isitoshe, wifi huyo alikuwa na ulimi wa kukata, na utani wake na Mwalimu mara nyingi ulikuwa na miiba ndani.

"Mpigie wewe, ni dada yako."

"Mpigie wewe, ni wifi yako. Mimi akinisema nitamjibu vibaya, na sasa hivi tunamhitaji."

Mwalimu akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Wifi!" ilisema sauti ya upande wa pili. "Leo jua limechomoza wapi? Au kaka yangu amekufukuza?"

Mwalimu akamweleza yote. Wifi hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Mwalimu kuliko ule mlio.

"Usibonyeze kitu," alisema wifi. "Lizime kwa kitufe chake, lingojee lizime lenyewe, halafu chomoa umeme. Nakuja asubuhi."

"Video zipo, wifi? Niambie ukweli."

"Sitakudanganya. Naona zipo. Kuchomoa si kufuta, na wewe hukubonyeza Ndiyo, Mungu akubariki. Lakini hiyo diski iliyobaki ni pacha wa iliyokufa. Mlizinunua siku moja, zimetoka kiwanda kimoja, zimefanya kazi sawa. Iacheni ipumzike."

Jumamosi asubuhi wifi alifika na begi lake. Kitu cha kwanza aliliendea Ghala, akazilegeza waya, akaligeuza uso likatazama watu. Hakusema neno. Fundi Barafu alisoma hotuba nzima katika kimya kile, akajikuta anakuna shingo. Kisha wifi akanyoosha mkono aletewe diski iliyonunuliwa.

Aliitoa kwenye mfuko wake, akasoma kibandiko, akafungua simu. Kampuni iliyotengeneza Ghala iliweka mtandaoni orodha ya diski ilizozijaribu na kuona zinaelewana nalo. Wifi akapitisha kidole chini, akapitisha juu, akaweka simu mezani.

"Haimo. Kaka, hii nani alikuuzia?"

"Ukubwa ni uleule!"

"Ukubwa ni uleule. Hata mimi na golikipa tunaweza kuvaa kiatu saizi moja, lakini mimi usinipange golini." Akamgeukia Mwalimu, kwa kuwa huko kulikuwa na mtu anayesikiliza. "Diski hii inaandika kama mtu anayeezeka paa kwa vigae. Mstari unaulalia mstari mwingine. Ukitaka kubadili kigae kimoja, lazima ubandue na vya jirani uvirudishe upya. Kwenye kompyuta ya kuandikia barua hutaona shida. Lakini tukiiingiza humu, Ghala litaanza kuijaza kila kitu kwa mpigo mmoja. Itaelemewa, itaburuza miguu, Ghala litaidhania imekufa na kuitema nje. Na muda wote huo ile nzee inasomwa bila kupumzika. Sasa ikichokea njiani..."

Hakumalizia, na Mwalimu alimshukuru kimoyomoyo kwa adabu hiyo.

"Kwa hiyo kompresa si kompresa," alisema Fundi Barafu kwa unyonge.

"Kaka, wewe unaweza kuchukua kompresa ya friji la soda ukaifunga kwenye chumba cha nyama?"

"Haiwezekani!" Fundi alinyanyuka kabisa. "Ile ya friji inawaka na kupumzika. Ya chumba cha nyama inazunguka mchana kutwa na usiku kucha, beringi zake nyingine, mafuta yake mengine, ukifunga ndogo mle ndani wiki haifiki ime..." Akaishia hapo, mdomo wazi. "Ooh," alisema. Ungedhani mtu amemfungulia dirisha. Kuanzia dakika ile hakubisha tena, na kwa kweli alikuwa msaada.

Wakaenda dukani watatu. Lilikuwa duka jembamba lenye kaunta ya kioo, chaja zikining'inia kama soksi, na nyuma yake rafu mpaka darini. Muuzaji alijulikana mtaa mzima kama Bwana Uhakika, kwa sababu kila alichokiuza alikiapia neno hilo. Simu ya wifi ikaita kutoka chuoni, akatoka nje kuzungumza, na kumbe mazungumzo yakawa marefu. Mwalimu akaona hakuna wa kumngojea. Akavaa uso wake wa darasani, akaegemea kaunta.

"Tunarudisha hii," alisema. "Tunataka diski ya kukaa ndani ya kisanduku cha mtandao, inayozunguka bila kuzimwa, na isiyoandika kama vigae."

Bwana Uhakika alimtazama Fundi, kana kwamba anamuuliza jana ulimficha wapi huyu. Akaipokea ile diski shingo upande, akatoa nyingine chini ya kaunta. "Hii ndiyo yako, mama. Ya kamera za ulinzi. Haipumziki usiku wala mchana. Uhakika."

"Ikikutana na mahali inaposhindwa kusoma, inafanya nini?" aliuliza Mwalimu, kama wifi alivyomfundisha njiani.

"Inashindwa kusoma?"

"Ndiyo. Pale pagumu. Inarudia, au inapita?"

Bwana Uhakika alikuwa muuzaji lakini hakuwa mwongo ukimbana. "Inapita," alisema. "Inaendelea na picha. Kwenye kamera ya getini, kipande kidogo kikikosekana nani atajua?"

Mwalimu alijua nani atajua. Kati ya kifungo na tundu la kifungo, kwa mikono ya Bibi Mshonaji, kuna tofauti ya kidole kimoja kinachoruka kidogo na kutua. Ukikiruka kidole hicho, mtoto atashona kifungo penye tundu. Akamgeukia mumewe, akasema kwa ishara, "Hii hapana."

Fundi Barafu akajibu kwa ishara vilevile, "Anazo zenyewe. Tazama rafu ya juu kabisa. Anaona uvivu kupanda ngazi."

"Una hakika?"

"Niko kwenye maduka ya vipuri maisha yangu yote. Kitu kizuri hukaa juu, penye vumbi."

Bwana Uhakika alikuwa akifuata mikono yao kulia na kushoto. "Samahani sana," alisema kwa upole, "kumbe ninyi ni viziwi?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Tunakusema wewe."

Bwana Uhakika akacheka mpaka akashika kaunta, na alipomaliza kucheka akachukua ngazi.

Zilizoshuka zilikuwa ndani ya mifuko ya rangi ya fedha, na vumbi kweli juu ya maboksi. Mwalimu alifungua ile orodha kwenye simu yake, akasoma namba ya diski herufi kwa herufi kama anayesahihisha imla. Wifi alikuwa amemwonya njiani kwamba diski mbili zinaweza kulingana jina na umbo zikatofautiana herufi za mwisho tu, na herufi hizo ndizo zinazotenganisha vigae na visivyo vigae. Ya kwanza ilikosea mwishoni, akaisogeza kando. Ya pili ilikuwemo. Akahakikisha si ndogo kuliko ile ya zamani, hata chembe, maana Ghala halikubali kumwaga debe kwenye kopo. Fundi Barafu akaishika, akaisikilizia uzito, akasoma ukubwa wa umeme inaoutumia, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii ni ya chumba cha nyama," alisema.

"Nipe na nyingine ya kuweka nakala," alisema Mwalimu. "Lakini isiwe pacha wa hii. Kampuni tofauti kama unayo, na iwe imetengenezwa wakati tofauti."

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Nilijua," alisema Bwana Uhakika, akapanda ngazi tena.

Nyumbani, wifi alipiga magoti mbele ya Ghala. Diski ya zamani aliiacha kwenye nafasi yake ya kwanza, kushoto kwenyewe, kushoto kwa Ghala. Ile iliyokufa akaitoa, ya baridi kabisa, akamkabidhi kaka yake kama anayemkabidhi jino. Nafasi ya pili ikabaki wazi. Akarudisha umeme, akabonyeza kitufe.

Taa ya rangi ya chungwa ikaanza kupepesa. Fundi Barafu alizunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye feni. "Linapumua," alitangaza, na kwa mara ya kwanza tangu jana Mwalimu alifurahi kwamba ameolewa na fundi wa friji. Taa iliendelea kupepesa. Mwalimu alijishika mashavu. Alikuwa ameshaanza kutunga kichwani maneno ya kuwaambia wanafunzi, na hakuna hata neno moja lililokubali kukaa vizuri.

Ndipo kompyuta ikaandika: "Ghala linafanya kazi kwa diski moja. Data zipo. Ongeza diski ya pili."

"Zipo," alisema wifi.

"Zipo?"

"Soma mwenyewe, wifi. Zipo."

Mwalimu hakutosheka na maandishi. Akafungua video moja bila kuichagua. Dirisha likatokea, na mwanga wa asubuhi, na mikono miwili mizima ya Bibi Mshonaji ikifanya mshono wa kuficha, kidole kikipita chini ya kingine na kupotea. Mwalimu akalia. Hakulia kistaarabu, alilia kwa sauti, na kamasi, na mabega, kwa sababu alikuwa ameuzuia moyo wake tangu jana na sasa hakukuwa na haja.

"Kunywa maji kwanza, wifi," alisema yule mwenye ulimi wa kukata, akimpapasa mgongo. "Kisha utalia vizuri zaidi." Fundi Barafu alikuwa amegeukia dirisha, anajifuta uso kwa kitambaa cha kazi, na alipogeuka alikuwa na grisi mpaka masikioni.

Wakanakili kwanza kila kitu kwenye ile diski ya nakala, na hiyo ikala mchana mzima. Ndipo ile ya chumba cha nyama ilipoingizwa nafasi ya pili. Swali lilelile likarudi kwenye kioo, iandaliwe, data zote zilizomo zitafutwa, na ile buluu pale pale. Wifi hakuruhusu mtu kubonyeza mpaka kila mmoja ataje kwa sauti ni diski ipi inayozungumziwa na iko upande gani, akiionyesha kwa kidole. Walifanya hivyo kama watoto wa chekechea, na hakuna aliyeona haya. Mwalimu akabonyeza. Jumapili baada ya chakula cha mchana taa zote mbili zilikuwa kijani.

"Sasa sikilizeni," alisema wifi akifunga begi. "Hizo mbili zilizo ndani ya Ghala ni kitu kimoja. Ukifuta hapa kwa bahati mbaya, na pale pamefutika. Moto, mwizi, kaka yangu, vyote vinazichukua pamoja. Hii ya tatu isikae nyumba hii."

"Ikae kwako?"

"Kwangu mimi ninayehama kila mkataba ukiisha? Mpe mtu asiyehama. Mtu atakayeijali."

Mwalimu alijua papo hapo ni nani, na haya zake zote zikamrudia. Lakini mtu aliyetoka kuokoka huwa na ujasiri kidogo wa ziada, na aliona ni afadhali autumie kabla haujaisha.

Jumatatu baada ya shule alikwenda. Binti wa Bibi Mshonaji alimfungulia, akampeleka kwenye kile chumba cha dirishani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Bibi alikuwa kitini, mkono wa kulia umelala juu ya mto. Mwalimu akamweleza kwa ishara kwamba nusura aipoteze kazi yake yote, kwamba ameipata, na kwamba anaomba nakala yake iishi hapa, maana ni mikono yake. Ili Bibi ajue kinachohifadhiwa, akafungua kompyuta ndogo, akamwonyesha.

Bibi Mshonaji akaitazama mikono yake. Hakutabasamu. Akataka nyingine, na nyingine, uso umekunjamana, na Mwalimu akaanza kujuta. Alijiona amekuja kumwonyesha mgonjwa afya yake ya zamani.

Ghafla Bibi akapiga meza kwa kiganja cha kushoto, kama anavyofanya anapotaka mtu amtazame. Akakielekeza kidole kwenye kioo. Kisha, kwa mkono ule mmoja, polepole, ishara zikiwa nzito lakini kila moja ikisomeka, akasema, "Hiyo ya pindo nimeikosea. Siku ile nilikuwa na haraka."

Akaurekebisha mto, akalifanya paja lake kuwa mkono wa pili, akaifanya upya ishara ya pindo kwa kushoto. Ilikuwa safi kuliko ile ya kwenye video.

"Na ziko nyingi hujazichukua," Bibi aliendelea. "Wewe unakuja, unakaa, unanionea huruma, unaondoka. Mimi nangoja. Kamera iko wapi?"

Mwalimu aliinua mikono amjibu. "Nyumbani," alisema.

"Kaichukue," alisema Bibi Mshonaji, na kwa mkono wake wa kushoto akaanza kulivuta shuka kutoka kwenye cherehani.